Vidole vya Milimita

"Kifaa chenyewe si tatizo," makanika alisema, huku akifuta mkono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mkono wenyewe. "Kifaa hiki hapa, hakizidi kidole gumba. Tatizo ni mahali kinapokaa. Waliounda hili gari nadhani walianza kuiweka sensa, halafu wakaijengea injini juu yake."

Kiti cha dereva kilikuwa kimeinuliwa na kuegemezwa nyuma, na chini yake injini ilikuwa wazi, imejaa vumbi na mafuta yaliyoganda. Ilikuwa saa moja asubuhi, Jumatatu. Mwenye gari, mwanamke ambaye watoto wa chekechea walimwita Mama Gari, alikuwa amesimama mikono kichwani. Tangu Ijumaa gari hilo lilikuwa likipata moto kidogo tu linazima, na halikubali kuwaka mpaka lipoe kama maji ya mtungi. Makanika alishapata ugonjwa wake. Ilikuwa sensa ya krenki, ile inayoiambia injini lini irushe cheche.

"Sasa inakuwaje?" Mama Gari aliuliza.

"Tunashusha injini. Jumatano jioni, Mungu akipenda, unaondoka nalo."

"Jumatano! Watoto wanatoka leo saa sita mchana. Mwalimu mkuu amenipa hadi leo. Nisipotokea, ile njia anapewa dereva mwingine, na si kwa wiki moja, kwa mwaka mzima!"

"Mimi si mganga, mama. Mkono haupiti." Makanika aliunyanyua mkono wake ili nao utoe ushahidi. Ulikuwa mkono mpana, na vidole vyake vilikuwa vimenona kwa kazi.

"Wangu utapita," ikasema sauti kutoka mlangoni mwa nyumba.

Aliyesema alikuwa mume wa Mama Gari. Alikuwa mtu mwembamba, fundi cherehani aliyeshona kwa miaka thelathini na moja, ambaye mtaa mzima ulimwita Milimita kwa sababu aliweza kukupapasa bega mara moja na kukushonea koti lisilopungua wala kuzidi. Alikuja akikunja mkono wa shati taratibu, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa.

Makanika alicheka. "Fundi, hii si suruali."

"Suruali nayo ina mahali pagumu kufika," Milimita alijibu, na hata mkewe, pamoja na dhiki yake yote, akacheka.

Makanika akakubali, maana alikuwa na gari lingine la kutengeneza. Akawaachia sensa mpya, spana mbili, na maelezo: nyuma ya injini, chini kabisa, pembeni ya bomba la moshi, bolti moja tu ya namba kumi, ukimaliza, chomeka plagi ya nyaya mpaka ilie tik. "Ikilia tik, umemaliza. Isipolia, hujafanya kitu," alisema. Alipofika barabarani akageuka. "Ukishindwa niite. Ila bei itapanda, maana nitatengeneza gari, halafu nitatengeneza na ulichoharibu!"

Milimita alitabasamu mpaka makanika alipokata kona. Kisha tabasamu likamtoka.

Siri aliyokuwa nayo ilikuwa hii: vidole vyake vilikuwa vimekufa. Havikuwa vimekatika wala kupooza, vilikunja na kukunjua kama kawaida, ila havikuwa na habari. Ganzi ilianzia kwenye vidole vya miguu, akaidharau. Ikapanda, ikaja mikononi, na kwa miezi minne sasa, kuanzia vifundo vya mikono kushuka, alikuwa kama mtu aliyevaa glavu usiku na mchana. Sindano ilimchoma, akaona damu kabla hajajua kwamba amechomwa. Hakwenda kupimwa. Aliyepimwa huambiwa, naye hakutaka kuambiwa.

Wiki tatu zilizopita, kwenye karakana alikokuwa anashona, alimaliza gauni jeupe la bibi harusi, akalikunja vizuri, akamkabidhi tajiri wake mbele ya mama wa bibi harusi. Lilipokunjuliwa, lilikuwa na matone ya damu kifuani, kumi na zaidi, yamefuatana na mshono. Yule mama alipiga yowe kama aliyeona maiti. Tajiri hakumfokea, na afadhali angemfokea. Alimshika bega tu, akamwambia, "Nenda kapumzike, Milimita. Nitakuita." Nyumbani alisema kazi imepungua. Mkewe akamwonea huruma, akasema basi gari litatulisha, na kweli gari ndilo lililokuwa likiwalisha wao na wasichana wao wawili waliokuwa shule za bweni.

Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa anakwenda kutengeneza gari, ndiyo, lakini zaidi ya hapo alikuwa anakwenda kujua kama bado ana mikono. Na kama hana, basi angalau mkewe asijue leo.

*

Alilala kifudifudi sakafuni mwa gari, shavu likigusa chuma, mkono wa kulia umezama mpaka begani. Mama Gari alichuchumaa upande wa pili, tochi mkono mmoja, simu mkono mwingine. Kwenye simu kulikuwa na video ya mtu aliyekuwa akibadilisha sensa kama hiyo huku akizungumza na kutabasamu, kwenye gari ambalo injini yake ilikuwa imeshatolewa nje.

"Huyu naye," Mama Gari alisema, akaizima. "Ni kama kumfundisha mtu kuogelea kitandani."

Kuitoa sensa ya zamani kulichukua saa nzima. Milimita aliwaza kwa akili ya ushonaji. Alifunga uzi wa kushonea viatu kwenye spana ili ikidondoka asiipoteze, na akapaka nta ya kulainishia nyuzi ndani ya kichwa cha spana ili bolti inate. Mkewe alimtazama akafurahi. Alidhani ni ujanja wa fundi. Hakujua kwamba mtu mwenye vidole vizima asingehitaji nusu ya ujanja huo. Spana ilidondoka mara tano, na mara zote tano aliivuta kwa uzi kama mvuvi wa kidimbwini, akisema, "Nilitaka kuona kama uzi unashika."

Sensa ya zamani ilipotoka, ncha yake imechakaa na kupasuka, Mama Gari aliinyanyua juu kama jino la mtoto. "Haya sasa. Weka mpya, mume wangu."

Sensa mpya iliingia kwenye tundu lake kwa bahati. Bolti aliikaza kwa kuhesabu mizunguko, kwa sababu kuhisi kwamba imekaza hakuweza. Ikabaki plagi. Plagi haikuwa na mzunguko wa kuhesabu. Aliisukuma gizani, akaisukuma tena. Hakujua kama inaingia, kama imepinda, au kama anasukuma kitu kingine kabisa.

"Imelia?" Mama Gari aliuliza.

Milimita alisikiliza. Pikipiki ilipita nje. Bati la jirani lilitatarika kwa jua. Mkewe alikuwa ameziba pumzi, akingoja jibu.

"Imelia," akasema.

Alisema hivyo kwa sababu ndilo jibu lililokuwa linangojwa.

Gari liliwaka kwa ufunguo wa kwanza. Mama Gari alishuka mbio, akamshika mumewe mkono, akavibusu vidole vyake vyeusi kwa mafuta, kimoja baada ya kingine, vyote vitano. "Milimita wangu! Makanika ale jeuri yake!" Milimita alivitazama vidole vyake vikibusiwa. Aliiona midomo ya mkewe ikivigusa, na hakuhisi chochote, hata joto. Aligeuka upande akasema anatafuta tambara.

*

Saa tano na dakika ishirini waliondoka, yeye kiti cha abiria, mkewe usukani. Njia ya kwenda chekechea ilikuwa na mlima mmoja mrefu, na katikati ya mlima huo, gari lilikohoa mara mbili likazima. Sensa ilikuwa nzima. Ilikuwa ni plagi, ambayo haikuwa imeingia sawasawa, imetikisika njia nzima mpaka ikaachia.

Honi zikaanza nyuma yao. Dereva mmoja wa lori alitoa kichwa dirishani. "Mama, usafirishe watoto au usafirishe vyuma chakavu, chagua kimoja!" Watu wawili waliokuwa wakipita walisaidia kulisukuma hadi pembeni, mbele ya duka la kuziba pancha. Walipomaliza, walimtazama Milimita na shati lake la mafuta kama wanaotazama mtu aliyejifanya daktari.

Simu ya Mama Gari ikaita. Mwalimu mkuu hakusalimia.

"Uko wapi?"

"Niko njiani, mwalimu. Niko karibu sana."

"Dereva mwingine yuko hapa getini kwangu, ameshaegesha. Nampa muda mpaka saa sita na robo. Ikipita hapo, mama, tusilaumiane."

Mama Gari aliirudisha simu mfukoni. Hakulia. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Si ulisema imelia?"

"Ililia," Milimita alisema. "Imeachia kwa huu mlima. Niinulie kiti, dakika tano tu."

Kiti kilipoinuliwa, joto liliwapiga usoni. Mkewe alirudi nyuma. "Haiwezekani. Tungoje ipoe."

"Ikipoa itakuwa saa saba."

"Utaungua, baba watoto!"

Hapo ndipo Milimita alipofanya jambo alilokuwa amelifanya kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na moja. Fundi cherehani haulizi kama pasi ina moto. Anaigusa kwa ncha ya kidole, mara moja, upesi, na kidole kinamwambia: hii ni ya hariri, hii ni ya pamba, hii itaunguza. Alinyoosha kidole cha shahada, akaligusa bomba la moshi, akasikiliza jibu. Kidole kilisema hakuna moto.

"Imepoa," alisema. "Joto ni la juu juu tu."

Alikuwa anajua kwamba kidole hicho hakisemi kweli tena. Alijua tangu miezi minne iliyopita. Lakini mazoea yana tabu, hayaulizi ruhusa. Na mkewe, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuona nguo hata moja imeungua mkononi mwa mume huyo, alimwamini, akawasha tochi.

Milimita akazamisha mkono. Alipata waya wa plagi kwa kuuvuta na kuona unavyotikisika kwa juu. Sasa alikuwa na akili mpya: angeibana plagi kwa kiganja, angeegemeza ubavu wa mkono kwenye chuma kilichokuwa hapo chini ili asitetemeke, na angesukuma kwa nguvu ya bega, kwa sababu begani alikuwa bado anahisi. Akaegemeza. Akasukuma. Haikuingia. Akageuza kidogo, akaegemeza tena.

Kwa mbali akasikia harufu ya nyama. Alikumbuka kwamba hajala tangu jana, na tumbo likamnguruma.

"Unasikia hiyo harufu?" mkewe aliuliza.

"Kuna mtu anachoma nyama."

Mama Gari aliinua uso. Upande huu kulikuwa na duka la pancha. Upande ule kulikuwa na kinyozi, duka la madaftari na ukuta mrefu. Hakukuwa na moto mahali popote. Akainamisha tochi, na kwenye mwanga wake, kutoka chini kule mkono wa mumewe ulikoishia, akaona moshi mwembamba ukipanda.

"Toa mkono!"

"Ngoja, inaingia..."

"Toa mkono wewe! Toa!"

"Subiri kidogo, mke wangu, nimeipata," na kweli safari hii ililia, tik, wote wawili wakaisikia. Milimita aliutoa mkono huku anatabasamu.

Ubavu wa kiganja, kuanzia chini ya kidole cha mwisho hadi karibu na kifundo, haukuwa na ngozi. Ngozi ilikuwa imebaki kwenye bomba. Palikuwa peupe mahali pengine na peusi pengine, na kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja chenyewe. Mama Gari alipiga ukelele mpaka mziba pancha akatoka mbio na jeki mkononi. Milimita aliutazama mkono ule kama mtu aliyeonyeshwa mkono wa mtu mwingine. Kisha, kwa kuwa mkewe alikuwa bado anapiga kelele, akaona amtulize.

"Hauumi," akamwambia. "Kweli kabisa. Hauumi hata kidogo."

Ukelele wa Mama Gari ukakatika. Mama yake mzazi alikufa kwa ugonjwa wa sukari, mguu mmoja ukitangulia kaburini miaka miwili kabla yake, na mguu huo nao ulianza kwa kutokuuma. Alimtazama mumewe usoni kwa muda, kisha akatazama kile kidole cha shahada alichojaribia bomba. Ncha yake ilikuwa na lengelenge.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto mdogo."

Milimita alitazama chini. "Miezi minne."

"Ndiyo maana karakana hawakuiti." Hakuwa anauliza. "Tajiri anajua?"

"Anajua."

"Tajiri anajua. Mimi ninayelala na wewe sijui." Alichukua chupa ya maji ya kunywa, akaanza kumwagia mkono ule polepole, na machozi yakamtoka bila sauti. "Nimevibusu leo asubuhi. Ulihisi?"

Alitaka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini alikuwa amechoka, akatikisa kichwa.

Saa ya gari ilisema sita kasoro dakika nane. Mziba pancha, aliyekuwa amesimama hajui aweke wapi jeki yake, alisema hospitali iko mbele, wasichelewe. Hospitali ilikuwa mbele, na chekechea ilikuwa katikati ya hapo na hospitali.

"Wafuate watoto kwanza," Milimita alisema.

"Una wazimu?"

"Mimi siumwi. Ile njia ikienda, imekwenda. Sasa ndiyo hatuna kingine, unaelewa? Hatuna kingine."

Mama Gari alielewa, na alimchukia kwa kumfanya aelewe. Aliufunga mkono ule kwa kitambaa safi cha meza kilichokuwa nyuma ya gari, akaketi, akageuza ufunguo. Gari likawaka. Liliunguruma vizuri kuliko siku zote, halikukohoa hata mara moja mpaka getini.

*

Watoto kumi na wanne walipanda wakipiga kelele. Mwalimu mkuu alisimama dirishani na saa yake, akaona kwamba ni saa sita na dakika tatu, akaishusha. Kisha akaona kitambaa, na doa lililokuwa likikua juu yake.

"Huyu mzee vipi? Watoto watatishika. Kesho usije naye."

"Hatakuja," Mama Gari alisema.

Msichana mdogo aliyekaa nyuma ya kiti cha Milimita alichungulia. "Babu, una kidonda?"

"Ndiyo, mama."

"Kinauma?"

"Hapana."

"Kidonda kisichouma ni kizuri," mtoto aliwaambia wenzake, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuonyeshana magoti yao. Mama Gari alishusha watoto nyumba hadi nyumba. Kila mlango ulipofunguliwa alitabasamu, akasalimu, akasema kesho saa moja kasoro. Kati ya nyumba na nyumba alitazama barabara tu. Milimita aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na kama asingekuwa anautazama asingejua kwamba ameushika.

Waliingia hospitali saa saba na nusu. Nesi alifungua kitambaa, akavuta pumzi, akauliza mmekuwa wapi muda wote huu. Alimtoboa kidole akapima sukari, akakitazama kipimo, akakipima tena kwa kipimo kingine, kisha akatoka. Alirudi na daktari aliyezungumza na Mama Gari pembeni, kwa sauti ya chini. Milimita alisikia neno "vidole" mara mbili na neno "kuondoa" mara moja. Lilimwingia kama vile linamhusu mteja.

Baada ya daktari kuondoka, nesi alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Huo wa kulia tumeuona, baba. Sasa tuangalie huu wa kushoto, tujue umebaki vipi. Fumba macho. Nitakugusa kwa hiki kijiti, kidole kwa kidole. Ukihisi, sema ndiyo."

Milimita alifumba macho. Mkewe alikuwa ameketi ukutani nyuma ya nesi, hatua mbili tu, na Milimita alijua kwamba anamtazama. Mkono wa kushoto ndio unaoongoza kitambaa. Kwa mkono wa kushoto peke yake, alifikiri, mtu bado anaweza kushona pindo, anaweza kufunga vifungo, anaweza kuitwa. Alitega sikio. Alisikia nguo ya nesi ikichakarika.

"Ndiyo," alisema.

Akangoja kidogo, kadiri anavyongoja mtu anayehamisha kijiti kutoka kidole hiki kwenda kile.

"Ndiyo."

Akahesabu tena.

"Ndiyo. Hapo pia, ndiyo."

Kisha nesi akasema, polepole, kwa upole ambao haukumsaidia mtu yeyote mle ndani, "Baba, bado sijaanza. Nilikuwa natafuta kalamu."

Milimita hakufumbua macho. Alisikia kiti cha mkewe kikisogezwa, nyayo zake zikija, na sauti yake ikasema juu ya kichwa chake, "Anza sasa, nesi. Na uandike vile ilivyo."

Nesi akaanza. Milimita alingoja kuhisi. Alingoja sana, midomo yake imefunguka kidogo, tayari kusema, na kalamu ya nesi ikawa inaandika.